Rafadha lazima izunguke: mwongozo wa kupiga picha ndege za zamani kwa kamera za zamani, kuanzia Unguja

Mwaka 1914, tarehe 20 Septemba, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza HMS Pegasus hapa hapa bandarini kwetu, kisha ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza walipotaka kuitafuta, mwaka 1915, walileta ndege za majini wakaziweka kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia. Za mwanzo mwaka huo zilikuwa za aina ya Sopwith, na joto letu likazishinda: gundi iliyeyuka, mbao za rafadha, yaani panka ya ndege, zikaanza kuachana. Zikaletwa za aina ya Short, nazo zilipanda juu kwa taabu, lakini ziliwahi kuipiga picha ile manowari kutoka angani. Mwaka uliofuata, huko Ufaransa, ndege ya kivita aina ya F.E.2b iliyobeba jina "Zanzibar No. 1", kwa kuwa ilitolewa kwa mchango kutoka hapa, iliangukia mikononi mwa Wajerumani.

Basi mtu akiniuliza Mzanzibari ana haja gani na ndege kongwe za vita, humjibu kwa hayo. Ni kweli kwamba hakuna Spitfire, ile ndege ya kivita ya Kiingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, inayoruka juu ya Mji Mkongwe. Ukizitaka, wende Duxford au Old Warden kule Uingereza, ama Oshkosh Marekani kila mwezi wa Julai. Lakini ufundi wa kuzipiga picha unaweza kuupata hapa Kisauni, penye uwanja wa ndege, bila ya senti moja, kwa sababu kutwa nzima ndege za rafadha zinapita juu ya vichwa vyetu. Watu wengi huenda kwenye maonyesho ya ndege kwa nauli kubwa, wakarudi na picha mia tano za ndege zilizoonekana kama zimetundikwa kwa uzi. Jifunzie nyumbani kwanza.

Hatua ya kwanza: punguza mwendo wa shata

Rafadha ni ile panka ya mbele inayoivuta ndege. Macho yetu yakiitazama ikizunguka huona duara la ukungu. Shata ni pazia la ndani ya kamera linalofunguka na kufungika kuingiza mwanga. Ukiiweka kwenye 1/1000 ya sekunde, duara lile hupotea na mapanga husimama wima kama ya ndege iliyozimika injini. Picha inakuwa safi kabisa, na haina uhai. Filamu yangu ya kwanza yote, fremu 36, ilikuwa hivyo. Nilidhani kasi kubwa ya shata ndiyo ustadi.

Fanya hesabu kidogo. Cessna Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja inayokwenda Pemba na Dar es Salaam, rafadha yake ina mapanga matatu na huzunguka hadi mara 1,900 kwa dakika. Hiyo ni karibu mara 32 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/1000, panga husogea nyuzi 11 tu. Kwa 1/250 husogea nyuzi 45 hivi, na kwa 1/125 husogea robo nzima ya mzunguko. Kwa vile baina ya panga na panga pana nyuzi 120, kwenye 1/125 duara linakaribia kujaa.

ATR 72, ile ndege kubwa zaidi ya abiria yenye injini mbili, ni tofauti. Ina mapanga sita kila upande na huzunguka taratibu zaidi, kiasi cha 1,200 kwa dakika ikiwa kwenye nguvu zote. Nafasi baina ya mapanga ni nyuzi 60, kwa hivyo 1/125 inalijaza duara karibu lote. Spitfire ya Mark IX, yenye mapanga manne, ikipita kwa mwendo wa kawaida rafadha yake huwa kwenye mizunguko kama 1,000 kwa dakika. Hapo 1/125 inakupa nusu ya duara tu, na ukitaka lijae ushuke hadi 1/60. Ndiyo maana nasema anayeweza kuipata ATR kwa 1/60 hapa Unguja, ikatoka safi, hatababaika mbele ya Spitfire.

Usianze na 1/60 lakini. Anza na 1/500, ukae hapo siku mbili tatu mpaka ndege itoke safi kila mara. Shuka 1/250. Kisha 1/125. Kila ukishuka, picha nzuri zitapungua, na hilo lisikuvunje moyo. Kwenye 1/60, kati ya fremu 36 nikipata nne naondoka nimeridhika.

Neno moja kwa wenye simu, na wenye kamera mpya zinazopiga kimya kimya kwa umeme bila ya shata ya chuma. Kamera hizo husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na panga huwa limeshasogea kabla mstari wa mwisho haujasomwa. Matokeo yake mapanga yanapinda kama ndizi, mara nyengine yanaonekana yameachana na ndege. Kama kamera yako ina shata ya chuma, iwashe hiyo. Kwa simu hakuna dawa ya maana, ila kuipiga ndege kwa ubavu na kutoikaribia sana.

Hatua ya pili: wapi na saa ngapi

Njia ya kurukia ya Uwanja wa Abeid Amani Karume imelala kaskazini na kusini. Ndege hutua na kuruka zikikabili upepo, kwa hivyo ukiujua upepo umeshajua pa kusimama. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, ndege kwa kawaida huja kutoka kusini, upande wa Chukwani na njia ya Fumba. Wakati wa kusi, kuanzia Juni, huja kutokea upande wa mji, zikashuka juu ya Mwanakwerekwe. Msimu ukigeuka, nawe hama. Mvuvi yeyote atakwambia upepo wa leo kabla hujatazama simu.

Kwa kuwa njia imelala hivyo, jua la asubuhi linaimulika ndege ubavu wa mashariki na la jioni ubavu wa magharibi. Kaa upande ulipo jua, liwe mgongoni mwako. Saa moja mpaka saa tatu asubuhi, na saa kumi mpaka kuzama kwa jua, ndio wakati. Mchana usihangaike. Kwetu jua hukaa utosini, na mwanzoni mwa Machi na mapema Oktoba linapita wima kabisa, kwa hivyo chini ya mbawa panakuwa peusi tititi. Isipokuwa sehemu moja: ndege ikipita chini chini juu ya mchanga mweupe au maji ya kina kifupi, mwanga hurudi juu ukaiangaza tumbo. Picha za namna hiyo huzipati Duxford. Kule, kwa bahati mbaya, watazamaji hukaa upande wa kaskazini wa njia wakitazama kusini, na jua linawapiga usoni karibu siku nzima.

Masika pumzika, au ufanye kazi ya hatua ya tano hapo chini.

Hatua ya tatu: adabu na sheria

Hili nalisema kwa uzito. Usipige picha ndani ya uzio wa uwanja, wala milango ya ulinzi, wala ndege za jeshi au za viongozi, wala kambi yoyote. Ndege iliyo hewani ukiwa umesimama mahali pa wazi ni jambo moja. Lenzi ndefu iliyoelekezwa kwenye uzio ni jambo jengine, na anayelinda hana njia ya kujua nia yako. Droni karibu na uwanja isikupitie hata akilini; popote pengine inahitaji kibali.

Unapochagua pa kusimama, piga hodi kwanza kwa sheha wa shehia ile. Mimi huenda na picha mbili tatu zilizochapishwa, nikatoa salamu, nikaeleza. Askari akinijia na kuuliza, "Kaka, unapiga nini hapo?", humjibu, "Ndege za abiria zinazotua, afande. Karibu utazame." Nampa kamera aangalie mwenyewe. Akisema ondoka, naondoka bila ya ubishi.

Hatua ya nne: mwili

Kamera haiifuati ndege kwa mikono. Inaifuata kwa kiuno. Simama ukiwa umeelekea pale unapotaka kuipiga ndege, miguu iwe wazi kiasi cha mabega, halafu bila kuhamisha miguu jizungushe kiuno hadi inapotokea. Viwiko vibane mbavuni. Ndege ikiwa bado mbali, ishike katikati ya kitazamio na uanze kwenda nayo. Itakapofika mbele yako kiuno kitakuwa kimenyooka, na hapo ndipo unapobonyeza. Kosa kubwa ni kusimama baada ya kubonyeza. Endelea kuifuata mpaka ipite, kana kwamba hujapiga kitu.

Kabla ya kwenda Kisauni fanyia mazoezi daladala na bodaboda barabarani, kwa 1/60 na 1/30. Maandishi ya ubavuni yakisomeka na nyumba za nyuma zikawa michirizi, umeshaiva.

Fokasi kwa lenzi za zamani si tatizo kama watu wanavyodhani. Ndege iko mbali, tundu la lenzi ni dogo, f/11 au f/16, kwa hivyo weka fokasi kwenye alama ya mwisho ya mbali na uiache hapo. Lenzi ya mm 200 inatosha kwa Caravan inayoshuka, na mm 135 kwa ATR. Kwa wenye Rolleiflex au kamera yoyote ya kutazama kutoka juu: kioo chake hugeuza kulia kuwa kushoto, na utaikimbiza ndege upande usio wake. Fungua kile kidirisha cha wanamichezo kwenye kofia yake, utazame moja kwa moja.

Hatua ya tano: kuinunua kamera kongwe

Kabla ya kununua, nenda ukatazame kazi zilizofanywa na kamera hizo katika mji huu. Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta, ilianzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na picha za ukutani zitakufundisha zaidi kuliko mimi.

Kamera zenyewe hupatikana kwenye maduka ya vitu vya kale, kwa mafundi saa, na zaidi ya yote majumbani, ndani ya kasha la babu. Zanzibar ilikuwa na udugu mkubwa na Ujerumani Mashariki kuanzia 1964. Wao ndio waliosaidia kujenga maghorofa ya Kilimani. Kwa hivyo si ajabu kukutana na Praktica iliyotengenezwa Dresden. Mimi nazipenda hizo kuliko Leica ya bei ya kiwanja. Lenzi za matoleo yake mengi zina uzi wa skrubu wa mm 42, sawasawa na za Zenit ya Kirusi, na kwa pete ndogo ya kuunganishia zinaingia kwenye karibu kamera yoyote ya kisasa isiyo na kioo cha ndani (mirrorless). Lenzi moja ya mm 200 inakupigia filamu leo na digitali kesho.

Ukiingia nyumba ya watu, mkubwa wa nyumba ndiye mwenye neno. "Shikamoo bibi, nimesikia kuna kamera ya marehemu." "Marahaba mwanangu, ipo, lakini sijui kama bado nzima." Kaa, kunywa chai, uliza alikuwa akipiga nini. Halafu kabla ya kufungua mgongo wa kamera, zungusha taratibu kifundo cha kurudishia filamu. Kikikaza, ndani mna filamu. Usifungue! Huenda mna sura ya mtu ambaye familia haina picha yake nyengine. Irudishe filamu yote kwenye kopo lake, waulize kama wanataka isafishwe, na kitakachotoka ni chao. Wengine hawapendi picha za mama zao zitazamwe na wageni, na wana haki.

Kamera ikiwa tupu, ikague kwa tochi, sikio na vidole:

Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Koga huonekana kama utando wa buibui au mizizi myembamba. Vumbi kidogo halina neno, koga lina neno.

Weka shata kwenye sekunde moja, bonyeza, usikilize. Ikichukua sekunde tatu au ikakwama, grisi imekauka; fundi saa mwenye subira huweza kuisafisha. Kisha fungua mgongo, elekeza kamera kwenye mwanga, tazama kitambaa cha shata bila kukigusa. Vitobo vidogo vitaonekana kama nyota.

Gusa sponji nyeusi za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma. Zikiwa zinanata kama lami, zikwangue na uweke uzi mweusi wa sufi kwenye mfereji ule. Unazuia mwanga vizuri kuliko sponji.

Fungua pa betri. Uchafu wa kijani au mweupe unatoka kwa pamba na tone la siki. Kamera nyingi za miaka ya 60 na 70 zilitumia betri za zebaki za volti 1.35, ambazo hazitengenezwi tena. Ukiweka ya volti 1.5, kipimo cha mwanga kinaweza kukudanganya. Betri ndogo za vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, zinakaribia sana volti zile.

Na ukikuta lenzi ya Super-Takumar mm 50 f/1.4 imegeuka rangi ya chai, usiiache. Matoleo yake kadhaa yalitiwa thoriamu, metali yenye mnunurisho, kwenye kioo, nayo hufanya kioo kiwe cha manjano. Iweke juani siku kadhaa, rangi itapungua. Jua tunalo.

Kuna pia kamera zilizoruka ndani ya ndege zenyewe: F.24 ya Kiingereza, iliyotoa picha za inchi 5 kwa 5, K-20 ya Kimarekani, inchi 4 kwa 5, na G.45, ile ndogo ya filamu ya mm 16 iliyofungwa ubawani mwa Spitfire na kupiga pale rubani alipofyatua bunduki. Huzikuta kwenye minada ya Ulaya. Kuishika moja mkononi ni jambo kubwa kwa anayezipenda ndege hizi, lakini kwa kazi ni nzito na filamu zake ni taabu kuzipata. Mwenye fedha kidogo anunue Praktica.

Hatua ya sita: vita na koga

Hapa ndipo makusanyo mengi ya visiwani hufia. Masika moja niliziacha kamera nne ndani ya mikoba yake ya ngozi, kabatini, kwa kuwa mikoba ilikuwa mizuri. Mvua zilipokatika, lenzi tatu zilikuwa zimeota. Ngozi hunyonya unyevu na kulea koga. Mikoba iweke pengine, kamera ziwe tupu.

Nunua vyombo vya plastiki vyenye mpira kwenye mfuniko, vile vya kuhifadhia unga. Tia pakiti za silika, ile inayobadilika rangi ikishiba maji, na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 mpaka 50. Silika ikishiba, ikaushe kikaangoni kwa moto mdogo mpaka rangi yake irudi. Mchele usitie, unaacha vumbi la wanga, na wanga ni chakula cha koga.

Kila wiki toa kamera, ipige shata katika kasi zote, ifungue tundu na kulifunga, uiache kivulini penye upepo na mwanga kwa nusu saa. Usiiache ndani ya gari. Joto lililoyeyusha gundi ya Sopwith kule Niororo ndilo litakaloyeyusha grisi ya lenzi yako, ikatambaa hadi kwenye majani ya tundu na kuyagandisha. Ukitoka pwani, futa chumvi kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi, kisha kikavu.

Hatua ya saba: filamu na kuisafisha

Kwa 1/125 chini ya jua letu, filamu ya ISO 400 ni kali mno (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga). Chukua ISO 100 au 125. Kanuni ya wazee ni nyepesi: jua kali, ISO 100, 1/125, f/16. Saa kumi na moja jioni fungua hadi f/8. Unaposafiri na filamu, muombe ofisa wa uwanja aikague kwa mkono, kwani mashine mpya za kukagulia mizigo ya mkononi zina miale ya kuiharibu.

Kusafisha nyumbani kuna mtihani mmoja, joto. Vitabu vinasema nyuzi 20, na maji ya mfereji wetu yana joto zaidi ya hapo mwaka mzima. Tia barafu kwenye beseni, uweke chupa za dawa ndani yake mpaka zifike 24. Kuzishusha hadi 20 na kuzizuia hapo ni kazi bure. Filamu ya FP4, ya nyeusi na nyeupe, ndani ya dawa ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huhitaji dakika 11 kwenye nyuzi 20, na karibu dakika 8 kwenye nyuzi 24. Usiitumie dawa hiyo bila kuichanganya kwenye joto letu, muda utakuwa mfupi zaidi na filamu inaweza kutoka na mabaka. Muhimu zaidi, dawa zote na maji ya kusuuzia yawe na joto moja.

Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi hukauka juu ya negativu kama madoa meupe. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua uliyoyakinga na kuyachuja, au ya chupa, pamoja na tone moja la sabuni ya maji. Itundike chooni baada ya mtu kuoga, vumbi likiwa limetulia, wala usiwashe panka. Asubuhi ikate fremu sita sita, uishikilie kwenye dirisha na utafute duara la rafadha.